Mifupa ya Orestes na marhamu ya Simeon: visasili vya Kigiriki katika maisha ya watakatifu wa Serbia

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa fasihi mwaka wa pili, ameuliza hivi: "Darasani tumesoma visasili vya Kigiriki. Baadaye nikakuta makala inayodai kuwa maisha ya watakatifu wa Serbia ya zama za kati yamejaa motifu za Kigiriki, yaani vijenzi vya hadithi vinavyojirudia: mfalme aliyepofushwa kama Oedipus, mtakatifu muua joka kama Perseus, wapiganaji wa mbinguni wanaotokea vitani. Je, watawa wale walikuwa wakimsoma Homer kwa siri na kuivisha miungu kanzu za watakatifu? Na nikitaka kuandika insha juu ya jambo hili, nitapimaje madai ya namna hiyo?"

Ndugu yangu, jibu la swali la kwanza ni hapana. Hakuna dalili kwamba Domentijan au Teodosije, watawa wa monasteri ya Kiserbia ya Hilandar walioandika maisha ya Mtakatifu Sava, walikuwa na Homer mkononi. Lakini usiishie hapo. Ugiriki wa kale umo katika maandishi yao, na umo kwa kina, ila haukai pale ambapo makala uliyosoma ilikuelekeza.

Tuwajue kwanza wahusika. Stefan Nemanja alitawala Serbia kuanzia miaka ya 1160. Mwaka 1196 akaacha kiti kwa hiari, akawa mtawa kwa jina la Simeon, na mwaka 1199 akafia Hilandar, kwenye Mlima Athos, rasi ya watawa huko Ugiriki. Mwanawe mdogo, Rastko, alikuwa ameshatorokea huko akiwa kijana na kupewa jina la Sava. Mwaka 1219 ndiye aliyekuwa askofu mkuu wa kwanza wa kanisa la Serbia linalojitegemea. Sava aliandika maisha ya baba yake. Kaka yake Stefan, aliyevikwa taji la ufalme mwaka 1217, naye akaandika ya kwake. Wakafuata Domentijan, Teodosije na Askofu Mkuu Danilo wa Pili, na mwanzoni mwa karne ya 15 wakaja wasomi wawili kutoka Bulgaria, Grigorije Camblak na Konstantin aliyeitwa Mwanafalsafa. Kwa hiyo tunayo nasaba inayojiandikia watakatifu wake, kwa Kislavoni cha kanisa, ikitumia maktaba ya Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki iliyotumia Kigiriki. Na kama unadhani watu hawa wako mbali mno na sisi, kumbuka kwamba Herekali wa tenzi zetu ni yule yule kaisari Heraclius ambaye, kwa maelezo ya kaisari Constantine wa Saba katika karne ya 10, aliwapa Waserbia makazi yao katika Balkani.

Sasa tumwendee kipofu, maana hapo ndipo makala yako ilipokosea zaidi.

Mfalme Milutin, kitukuu cha Nemanja, aligombana na mwanawe, Stefan mwingine. Mwaka 1314 hivi aliamuru apofushwe, kisha akampeleka uhamishoni Konstantinopoli. Stefan alikaa huko miaka kadhaa akiwa amefungwa kitambaa machoni. Baadaye baba alimruhusu kurudi, na Milutin alipofariki mwaka 1321, Stefan akakivua kitambaa mbele ya watu: kumbe anaona. Akatawala, akaanza kujenga monasteri ya Dečani ambayo imempa jina lake, na mwaka 1331 akanyongwa katika ngome ya Zvečan baada ya kupinduliwa na mwanawe Dušan. Hiyo ndiyo historia. Zaidi ya miaka 70 baadaye, Camblak akiwa mkuu wa monasteri hiyo ya Dečani aliandika maisha yake. Katika maandishi hayo chanzo cha balaa ni mama wa kambo: malkia anamtilia mfalme sumu ya maneno ili urithi usiende kwa mtoto wa mke mwenzake. Usiku wa kupofushwa, Stefan akiwa amelala nusu mfu, Mtakatifu Nikolao anamtokea akiwa ameyashika macho yake kiganjani, anamwambia asihuzunike. Miaka inapita, mtakatifu anarudi na kumrudishia.

Oedipus yuko wapi hapo? Oedipus alimuua baba yake bila kumjua, akajitoboa macho mwenyewe. Hakuna kinachooana isipokuwa upofu, na upofu peke yake si motifu. Kama unataka Mgiriki anayefanana na Stefan, mtafute Phoenix, mzee aliyemlea Achilles. Katika simulizi iliyohifadhiwa chini ya jina la Apollodorus, kimada wa baba yake anamsingizia kwamba amemtongoza. Baba, Amyntor, anampofusha. Peleus anampeleka kwa Chiron, yule nusu mtu nusu farasi, anaponywa. Kisha Phoenix anawekwa kuwa mfalme wa Wadolopi. Uchongezi wa mwanamke wa baba, baba anayetoa macho, mponyaji asiye mtu wa kawaida, kiti cha ufalme: hatua nne, kwa mpangilio ule ule. Wako pia wana wa Phineus, waliopofushwa kwa fitina ya mama wa kambo.

Hapo mwanafunzi hufurahi na kufunga daftari. Usilifunge. Kupofusha kulikuwa adhabu halisi ya kisiasa katika ulimwengu wa Bizanti. Kaisari Isaac wa Pili alipofushwa na kaka yake mwenyewe mwaka 1195. Basi tendo si motifu, ni habari. Kinachonukia hadithi ni sababu aliyoitoa Camblak. Malkia huyo alikuwa Simonis, binti wa kaisari Andronikos wa Pili, aliyeozwa kwa Milutin mwaka 1299 akiwa mtoto wa miaka mitano hivi. Hakuzaa kamwe. Wana anaodaiwa kuwatafutia urithi hawakuwapo. Na mwandishi aliyeishi karibu zaidi na matukio, yule aliyeendeleza kazi ya Danilo, hamtaji malkia kuwa chanzo; anawalaumu washauri wabaya.

Kwa nini basi Camblak alimhitaji mama wa kambo? Hebu tazama kalenda ya kanisa. Stefan ni mtakatifu. Milutin naye ni mtakatifu. Utaandikaje kwamba mtakatifu mmoja alimtoboa macho mtakatifu mwingine, naye ni mwanawe wa kumzaa? Lazima awepo wa tatu wa kubeba lawama, na mwanamke mgeni wa kutoka jumba la kaisari alikuwa tayari pale. Kiolezo cha karibu hakikuwa Phoenix. Kilikuwa mke wa Potifa katika Biblia, aliyemsingizia Yusufu, ambaye kila mtawa alimjua kwa moyo. Mgiriki na Mserbia wamefikia umbo moja kwa sababu walikuwa na fundo moja la kufungua. Huo ni mfanano, na mfanano si urithi. Katika insha yako nenda na tofauti hiyo kuanzia aya ya kwanza.

Mtego wa pili ni mtamu zaidi. Teodosije ameandika pia maisha ya Petar wa Koriša, mkaapweke wa milimani karibu na Prizren. Petar anaondoka nyumbani kutafuta upweke, dada yake Jelena anakataa kuachwa, wanasafiri pamoja. Usiku mmoja dada akiwa usingizini, Petar anaamka, anamwombea, anaondoka kimyakimya. Jelena anaamka peke yake mlimani na kulia kilio ambacho kwangu ni miongoni mwa kurasa nzuri kabisa za fasihi ya Kislavoni. Mtu aliyemsoma Ariadne, binti mfalme aliyeachwa na Theseus, shujaa wa Athene, amelala ufukweni Naxos, husisimka mara moja. Mimi pia nasisimka. Lakini Theseus anaondoka kwa usahaulifu au usaliti, na Ariadne anaokotwa na Dionysus. Petar anaondoka kwa sababu mapenzi ya ndugu ndiyo kamba ya mwisho inayomfunga na dunia. Teodosije alikuwa mwandishi mwenye sikio zuri, aliyefunzwa maombolezo kwa vielelezo vya kanisa la Kigiriki, hasa vilio vya Bikira Maria msalabani. Anayelia pale mlimani amejifunza kulia kanisani.

Haya, joka. Simulizi ya kale ya kuuawa kwa Mtakatifu George haina joka lolote. Joka na binti mfalme wanajitokeza karne ya 11 hivi. Kaburi lake liko Lydda, na si mbali na hapo ipo Jaffa, ambako Wagiriki walisema Andromeda, binti aliyeokolewa na Perseus, alifungwa mwambani. Josephus, mwandishi wa karne ya kwanza, anasema alama za minyororo zilikuwa zikionyeshwa hadi siku zake. Ukaribu huo umewasisimua wengi, nami siwezi kuukataa kabisa. Ila kwa swali lako haufai kitu, kwa sababu George wa maisha ya Nemanja hagusi joka. Anavunja pingu na kupigana vita.

Fungua simulizi ya Stefan, mwana wa Nemanja. Kaka zake Nemanja wanakasirika kwamba anajenga makanisa bila ridhaa yao, wanamfunga mikono na miguu, wanamtupa katika pango la mawe. Mtakatifu George anamtoa, na kwa shukrani Nemanja anamjengea Đurđevi Stupovi, kanisa ambalo lingali juu ya kilima huko Ras. Kisha kaka zake wanarudi na jeshi la kukodi. Kabla ya pigano la Pantino, kasisi aliyetumwa kusali anamwona ndotoni mtu mwenye silaha kamili. Anamuuliza ni nani. Anajibu kwamba yeye ni George, mtumishi wa Kristo, ametumwa kumsaidia bwana wake. Asubuhi adui wanashindwa, na kaka mmoja anazama mtoni.

Hapa ndipo penye urithi hasa. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasema wapiganaji wengi wa vita vya Marathon walimwona Theseus akiwatangulia mbele ya Waajemi. Warumi waliamini mapacha wa visasili Castor na Pollux walipigana upande wao kwenye ziwa Regillus wakiwa juu ya farasi. Mwanahistoria Zosimus anasimulia kwamba Alaric, kiongozi wa Wagothi, alipoufikia mji wa Athene mwaka 396 hivi, alimwona Athena akizunguka ukuta na Achilles amesimama mbele yake. Karne mbili tu baadaye, huko Thesaloniki, ni Mtakatifu Demetrio anayeonekana juu ya ukuta wa mji akiwafukuza Waslavi. Kazi ni ile ile, mahali ni pale pale ukutani, wasimulizi wanazungumza Kigiriki kile kile. Na barabara ya kutoka Serbia kwenda Athos ilipita Thesaloniki. Kwa hiyo mnyororo unaweza kuuonyesha pete kwa pete, na kila pete ina mwandishi na mji. Ukiikosa pete moja, sema hivyo katika insha.

Mwishoni mwa karne ya 19 wasomi kama Hermann Usener walipenda kuona mungu wa kale nyuma ya kila mtakatifu: Pelagia ni Aphrodite, na kadhalika. Mjesuiti Hippolyte Delehaye aliwapinga, akidai ushahidi wa mahali, tarehe na ibada. Mimi niko upande wa Delehaye, ingawa Usener ni mtamu zaidi kumsoma.

Kuhusu miungu yenyewe, je, watawa waliijua? Waliijua vizuri, na kwa njia ambayo huenda ikakushangaza. Kitabu kilichoathiri zaidi taswira ya Sava ni hadithi ya Barlaam na Joasaph: mwana wa mfalme wa Uhindi anakutana na mtawa, anavua mavazi ya kifalme, anaenda jangwani. Asili yake ni maisha ya Buddha, yaliyopita kwa Waarabu na Wageorgia hadi Kigiriki. Toleo la Kigiriki wengi sasa wanalihusisha na Euthymius, mtawa wa Kigeorgia wa Athos aliyefariki mwaka 1028. Soma jinsi Teodosije anavyosimulia Rastko akifuatwa na askari wa baba yake hadi Athos. Wanamkuta, anawakaribisha kwa ukarimu, wanakula, ibada ya usiku inakuwa ndefu, wanalala. Kijana anapanda mnarani, ananyolewa nywele na kuwa mtawa. Wanapoamka na kumtafuta kwa ghadhabu, anawatupia kutoka juu nguo zake za kifalme na nywele zake, wazipeleke kwa wazazi. Ujanja huo unaweza kukukumbusha Odysseus. Lakini anayeigwa hapo ni Joasaph.

Na ndani ya hadithi hiyo hiyo ya Joasaph imefichwa hotuba nzima ya Aristides, mwanafalsafa Mkristo wa Athene wa karne ya 2. Mwandishi aliichukua na kuiweka kinywani mwa mhusika mmoja anayejadiliana mbele ya mfalme. Hotuba hiyo ni hati ya mashtaka. Kronos anakula watoto wake. Zeus anamfunga baba yake. Anajigeuza fahali kwa ajili ya Europa, dhahabu kwa Danae, bata maji kwa Leda. Ares ananaswa kitandani na Aphrodite. Asclepius, tabibu wa wote, anapigwa na radi na hawezi kujiponya. Heracles anapata wazimu, anaua watoto wake, anajitia motoni. Mtawa yeyote wa Hilandar aliyesoma kitabu hicho aliijua orodha hii, pamoja na swali linaloifuata: asiyeweza kujisaidia atamsaidiaje mwingine? Ndiyo maana sioni mantiki ya kudhani kwamba mtawa huyo huyo alimchukua Zeus kwa siri na kumpa taji la nuru. Alikutana na miungu ikiwa kizimbani.

Kilichovuka kilikuwa nafasi ya shujaa, na shahidi wangu mkubwa ni mifupa.

Herodotus, katika kitabu chake cha kwanza, anasimulia Wasparta walioshindwa mara kwa mara na mji wa Tegea. Wanawauliza waaguzi wa Delphi, wanaambiwa wailete mifupa ya Orestes, mwana wa mfalme Agamemnon. Hawajui iko wapi. Siku moja Msparta aitwaye Lichas anaingia kwa mhunzi huko Tegea, anastaajabia chuma kinavyofuliwa, na mhunzi anamwambia: wewe unashangaa haya? Mimi nilipochimba kisima uani nilikuta jeneza la mikono saba, na ndani yake maiti wa urefu huo huo. Lichas anarudi kwa hila, anapanga ua ule, anaichimba mifupa na kuipeleka Sparta. Tangu hapo Sparta inashinda. Waathene nao, mwaka 475 KK hivi, walimtuma Cimon kisiwani Skyros akarudi na mifupa ya Theseus. Kwa Mgiriki, shujaa aliyekufa alikuwa mlinzi wa ardhi iliyomlalia. Aliyemiliki kaburi alimiliki ulinzi.

Weka kando ya hayo mwaka 1207 hivi. Serbia imetoka kuungua kwa vita kati ya wana wawili wa Nemanja, Stefan na Vukan. Sava anaichukua maiti ya baba yao kutoka Hilandar, anapita nayo nchi nzima hadi monasteri ya Studenica, na ndugu wanapatana mbele ya jeneza. Kaburi linatoa marhamu yenye harufu nzuri. Tangu hapo, katika simulizi ya Stefan, marehemu ndiye anayewavunja adui wanaokuja mipakani, mmoja baada ya mwingine. Wasimulizi wanaongeza jambo ambalo nalipenda sana: Sava alipoondoka kurudi Athos, marhamu ilikatika. Kaka yake akamsihi. Sava akaandika barua kwa baba yake aliyekufa, ikasomwa kwa sauti mbele ya kaburi, na marhamu ikatiririka tena. Shujaa anaandikiwa barua rasmi kuhusu wajibu wake kwa nchi!

Sava mwenyewe alifia Trnovo, Bulgaria, mwaka 1236. Tsar Ivan Asen wa Pili hakutaka kumtoa. Mfalme Vladislav wa Serbia, mpwa wa Sava kwa nasaba na mkwe wa tsar huyo, alikwenda kumwomba. Simulizi zinaeleza tsar alivyotishwa ndotoni hadi akalegea. Mwaka 1237 mwili ukafika monasteri ya Mileševa, Serbia. Waothmani nao walilielewa vizuri jambo hili: walipokabiliwa na maasi mwishoni mwa karne ya 16, Sinan Pasha aliyateketeza masalia hayo kwa moto huko Belgrade.

Je, Sava alimsoma Herodotus? Hakuhitaji. Katika karne ya 5 Theodoret wa Cyrrhus aliwaambia wapagani waziwazi: ninyi mna mashujaa wenu na makaburi yao, sisi tuna mashahidi wetu, tofauti iko wapi mnapotucheka? Nafasi ilihamishwa hadharani, kwa hoja, na Wakristo wenyewe. Kutoka hapo ikafika kwa Demetrio wa Thesaloniki, ambaye kaburi lake nalo lilitoa marhamu, na kutoka kwa Demetrio hadi kwa Simeon ni safari ya siku chache kwa farasi.

Kuna Ugiriki mwingine unaoonekana wazi, nao ni wa baadaye, wa kisomi. Katika kanisa la Bogorodica Ljeviška mjini Prizren, lililochorwa kati ya 1307 na 1313 kwa amri ya Milutin yule yule, Plato na Plutarch wamechorwa ukutani pamoja na nabii mke Sibyl, wakiwa mashahidi wa Kristo kabla ya Kristo. Kanisa hilo lilichomwa katika ghasia za Machi 2004 na michoro yake mingi iliharibika. Naye Konstantin, katika maisha ya mtawala Stefan Lazarević aliyoyaandika miaka ya 1430, anaunganisha ukoo wake na Constantine Mkuu kupitia Licinius, kaisari mwenzake. Kujitafutia babu wa kale mwenye fahari ni mchezo ambao nyumba za kifalme zilikuwa zikiucheza tangu Troy. Nikiwa mkweli, kurasa hizo ndizo zinazonivutia kidogo kuliko zote.

Mwisho, usichanganye vitabu vya watawa na ngano za wanakijiji. Mwanafilolojia Veselin Čajkanović aliyedai kwamba nyuma ya Sava amejificha mungu mkuu wa kale wa Waserbia alitegemea zaidi simulizi za mdomo: Sava bwana wa mbwa mwitu, Sava anayewakuta watu wakibeba mwanga kwa magunia kuuingiza nyumbani na kuwakatia dirisha. Huyo anakaribia Prometheus, aliyewaletea watu moto. Vilevile Midas, mfalme mwenye masikio ya punda, yumo katika ngano ya mfalme Trojan mwenye masikio ya mbuzi, ambaye kinyozi wake anainong'oneza ardhi siri. Domentijan hana lolote la namna hiyo.

Kwa insha yako, acha Oedipus na joka. Chukua maisha ya Simeon yaliyoandikwa na Stefan na sura za 67 na 68 za kitabu cha kwanza cha Herodotus, zisome siku moja, na kila unapoona mfanano jiulize mwandishi mwenyewe anamtaja nani. Utakuta Yakobo, Yusufu, Daudi. Yaandike majina hayo kwanza. Kisha onyesha, mji kwa mji, kaburi la Tegea lilivyofika Studenica. Ukibaki na nafasi, mweke Phoenix katika tanbihi.